Homa ya usiku mmoja, mabaka ya miezi: maudhi na madhara ya chanjo zinazotibu saratani ya ngozi

Mgonjwa amechomwa sindano begani asubuhi, kama anavyochomwa mtu chanjo yoyote. Mchana amekula, amepumzika, hana neno. Ikifika saa mbili usiku meno yanagongana. Blanketi la pili halisaidii kitu, maungo yote yanauma kama ya mtu aliyelima kutwa nzima, na kipimajoto kinaonyesha 38.4. Anajiuliza maswali matatu, moja baada ya jingine. Saratani inarudi? Dawa imenidhuru? Au ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi? Alfajiri shuka limelowa jasho, homa imekwisha, na kilichobaki ni bega linalogoma kila akijaribu kuvaa shati.

Kwa homa ya namna hiyo, iliyokuja usiku uleule na kuondoka kesho yake, jibu la maswali yote matatu ni hapana. Hilo la tatu huwashangaza wengi, maana tumezoea kuamini kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya. Homa ya chanjo inaonyesha kwamba mwili umesikia kengele. Kama umemwona adui, kama una askari wa kumkabili, kama askari hao watalifikia vimbe lenyewe, hayo ni mambo mengine kabisa na kipimajoto hakiyajui.

Kwenye vituo vya afya kuna neno zuri ambalo watoa chanjo hulitumia kila siku: maudhi madogo madogo. Ni homa, uchovu, mkono kuuma. Halafu kuna madhara, yaani pale kiungo cha mwili kinapoumia kweli. Lugha nyingine hutupa yote mawili kwenye kapu moja, sisi tunayo maneno mawili, na katika tiba hii tofauti yake ni kubwa. Ila kuna mtego. Uchovu ni maudhi kwa mgonjwa mmoja na dalili ya madhara kwa mwingine, na wote wawili wanaweza kuwa wamechomwa sindano ileile. Kinachowatenganisha mara nyingi ni saa na kalenda: lilianza lini, na lilikwisha lini?

Chanjo isiyokinga

Tuanze na jina, kwa sababu linapotosha. Chanjo tunazozijua hupewa mtu mzima wa afya ili asiugue. Chanjo inayozungumzwa hapa hupewa mtu ambaye tayari ana saratani, au ameshakatwa vimbe na madaktari wanahofia kwamba chembe zake zimebaki mahali. Haimzuii jirani yake asipate saratani. Kazi yake ni kuufundisha mwili wa mgonjwa huyo kuzitambua seli za saratani yake na kuziua.

Saratani ya ngozi iliyofanyiwa majaribio mengi zaidi ya chanjo hizi ni melanoma, ile inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Si ya kawaida kama aina nyingine za saratani ya ngozi, lakini ndiyo inayosambaa na kuua zaidi. Kwa watu weusi hupenda kuota pasipopigwa na jua: kwenye nyayo, viganja, chini ya kucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

Ndani ya tiba ya chanjo kuna mambo matatu, na kila moja lina usumbufu wake. La kwanza ni shabaha, yaani protini ambayo mwili unafundishwa kuiwinda. La pili ni kengele, kile kinachochanganywa na shabaha ili mwili ushtuke. Maana ukiweka protini peke yake chini ya ngozi, mwili hauoni sababu ya kuhangaika. La tatu ni mwenza, dawa nyingine inayotolewa pamoja na chanjo ili kuachia breki za kinga ya mwili. Mgonjwa akisema "ile chanjo imenifanya hivi", swali la kwanza linapaswa kuwa: kati ya hayo matatu, ni lipi?

Kelele ya kengele

Maudhi mengi hutoka kwenye kengele, na hufika mapema. Seli za ulinzi zilizo pale sindano ilipoingia hutambua kitu kigeni, kiwe ni vipande vya bakteria, matone ya mafuta, au vipande vya mRNA, yaani maagizo ya kijeni ya kutengeneza protini, vilivyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta. Hutoa kemikali za kuitana. Baadhi hubaki pale pale na kuleta wekundu, uvimbe na maumivu. Nyingine huingia kwenye damu, zikafika kwenye sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili, na kuiamuru ipandishe kiwango. Hapo mwili wenye joto lake la kawaida unajiona ni wa baridi, misuli inatetemeka ili kutengeneza joto, na mtu anatafuta blanketi huku paji lake linaunguza. Amri ikiondolewa, jasho linatoka. Ndiyo ule usiku wa pale juu, mwanzo hadi mwisho.

Parasetamoli husaidia kwa sababu hupunguza kemikali inayobeba amri hiyo ubongoni. Haimpunguzii mtu saratani wala haimwongezei, inampa usingizi tu.

Jaribio lililozungumzwa sana miaka ya karibuni ni la chanjo ya mRNA iitwayo mRNA-4157, ya kampuni za Moderna na Merck. Hutengenezwa kwa kila mgonjwa peke yake: vimbe lake husomwa, hitilafu zake za kijeni huorodheshwa, na hadi hitilafu 34 huandikwa ndani ya chanjo. Sindano huwa hadi 9, moja kila wiki tatu. Takriban wagonjwa 6 kati ya 10 waliochomwa walilalamikia uchovu, zaidi kidogo ya nusu maumivu ya pale sindano ilipoingia, na karibu nusu walitetemeka kwa baridi. Idadi hizo zinatisha mpaka uangalie ukali wake. Madaktari hupanga usumbufu kwa madaraja: la 1 ni jepesi, la 2 la kati, la 3 ni kali, la 4 linahatarisha maisha, la 5 ni kifo. Maudhi ya chanjo hii yalikaa karibu yote kwenye daraja la 1 na la 2, na hakuna la daraja la 4 wala la 5 lililohusishwa na chanjo yenyewe.

Kwa chanjo zinazopitishwa kwenye mshipa wa damu badala ya msuli, kengele hulia haraka zaidi. Homa na baridi huja ndani ya saa chache, wakati mwingine mgonjwa akiwa bado kituoni, na mara nyingi hutulia ndani ya siku moja.

Kengele za zamani zilikuwa na fujo zaidi. Mwaka 1891 daktari wa upasuaji wa New York, William Coley, alianza kuwachoma wagonjwa wa saratani bakteria hai, na baadaye sumu za bakteria waliouawa, akiwatafutia homa kwa makusudi. Miaka ya 1970 ikaja zamu ya BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi, ikidungwa moja kwa moja ndani ya vimbe za melanoma. Baadhi ya vimbe vilinywea. Lakini wagonjwa walipata homa kali na vidonda vyenye usaha, wachache wakasambaliwa na vijidudu vya BCG mwilini, na wachache mno walikufa kwa mshtuko wa mzio.

Donge lililotoboa siri

Kati ya maudhi yote ya chanjo hizi, ninalolipenda kulisimulia ni donge. Kwa miaka mingi watafiti waliichanganya shabaha na mafuta mazito, wakiamini kwamba mafuta yataishikilia pale chini ya ngozi na kuitoa kidogo kidogo, ili mwili uendelee kufundishwa kwa muda mrefu. Wagonjwa walibaki na madonge magumu. Mengine yaligeuka majipu yasiyo na vijidudu, mengine yakapasuka na kuwa vidonda vilivyochukua miezi kufunga. Mtu aliyechomwa mara nyingi alikuwa na safu nzima ya vinundu pajani. Yaliandikwa kwenye ripoti kama maudhi ya ngozi, ya kuvumilika, na kazi ikaendelea.

Mwaka 2013 watafiti wa Houston, Marekani, waliyachunguza madonge hayo kwa panya. Walikuta yamejaa seli T, yaani wale askari hasa ambao chanjo ilikuwa imewaandaa kwenda kuua saratani. Walikuwa wamefundishwa vizuri, wakatoka, wakaifuata harufu ya shabaha iliyo nyingi zaidi mwilini, na shabaha hiyo ilikuwa kwenye mafuta ya sindano, si kwenye vimbe. Wakajazana pale, wakachoka, wakafa. Chanjo iliyochanganywa na maji yenye chumvi, ambayo huyeyuka upesi, pamoja na vichocheo vinavyofaa, haikuwa na mtego huo.

Kile kilichoitwa maudhi kilikuwa taarifa. Donge lilikuwa likisema kwa miaka kwamba vita vinapiganwa mahali pasipo na adui. Wagonjwa walilionyesha kila walipokuja kliniki.

Mabaka meupe

Shabaha nayo ina usumbufu wake, na huu hauna haraka. Chanjo nyingi za kwanza za melanoma zililenga protini ambazo saratani hiyo inazo kwa wingi: gp100, MART-1, tirosinezi. Protini hizi hazikubuniwa na saratani. Ni za seli yoyote inayotengeneza rangi, iwe kwenye vimbe, iwe kwenye ngozi nzima ya shavu. Ukimfundisha askari kuua kila anayevaa sare hiyo, atafika pia nyumba ya asiye na hatia.

Matokeo yake ni mabaka meupe, vitiligo, ambayo wengi huita mbalanga. Huanza baada ya wiki nyingi au miezi, labda kwenye mikono au usoni. Pengine nyusi au kope zinakuwa nyeupe. Hayaumi wala hayawashi sana, na hayaambukizi.

Madaktari wengi huyaona kwa furaha wanayojitahidi kuificha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliunganisha tafiti 137 za wagonjwa wa melanoma waliopewa tiba za kinga za aina mbalimbali, chanjo zikiwemo, jumla wagonjwa 5,737. Mabaka yaliwatokea asilimia 3.4 tu, lakini hao waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao, kwa tofauti kubwa. Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba kinga iliyo na nguvu ya kuua seli za rangi za ngozi ina nguvu ya kuua za saratani pia. Huenda ni kweli. Ila tuwe waangalifu: mabaka huchukua miezi kutokea, na aliyefariki mapema hakupata muda wa kuyaona. Sehemu ya uhusiano huo inatokana na hilo tu. Na asiyepata mabaka asikate tamaa, maana wengi walioitikia tiba hawakubadilika rangi hata kidogo.

Jambo jingine ambalo fomu za hospitali hazilipimi vizuri: kwenye orodha ya madaraja, mbalanga haivuki la 2. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi ambaye mabaka yamemtokea usoni, anayeulizwa na kila mtu kama ana ukoma, hilo si jambo dogo. Daktari akisema "ni dalili njema" akaishia hapo, amejibu swali la saratani na kuliacha la mgonjwa. Mabaka yanahitaji kukingwa na jua kwa sababu hayana tena rangi ya kuyalinda, na mwenyewe anahitaji kuambiwa mapema kwamba huenda yasirudi kuwa meusi.

Seli za rangi ziko pia ndani ya jicho na ndani ya sikio. Ndiyo maana jicho jekundu linalouma, linalokimbia mwanga au kuona ukungu, halisubiri miadi ya wiki ijayo.

Mtu anaweza kuuliza: kama shabaha ikikosewa, si inaweza kufika kwenye moyo? Ilishatokea, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013, ingawa si kwa chanjo. Wagonjwa wawili, mmoja wa melanoma na mwingine wa saratani ya uboho, walipewa seli T zilizobadilishwa maabara ili ziwinde protini iitwayo MAGE-A3. Seli hizo zilichanganya MAGE-A3 na titini, protini ya misuli ya moyo inayofanana nayo kwa kipande kidogo. Wote wawili walikufa kwa moyo kushindwa. Protini hiyohiyo, MAGE-A3, ilitumika kama shabaha ya chanjo kwa mamia ya wagonjwa wa melanoma bila msiba wa namna hiyo. Tofauti iko kwenye chanzo cha askari. Chanjo huwaamsha wale ambao mwili wenyewe uliwazaa na kuwachuja tangu utotoni, ukiwatoa wanaoshambulia viungo vyake. Seli za maabara zilikuwa zimenolewa nje, bila kupita kwenye mchujo huo.

Upole huo una gharama. Chanjo ya MAGE-A3 haikuwazuia wagonjwa kurudiwa na saratani, na matokeo ya jaribio lake kubwa yaliyotangazwa mwaka 2013 yaliizika. Kabla ya hapo, mwaka 2004, kundi la taasisi ya saratani ya Marekani lilihesabu wagonjwa wao 440 waliopewa chanjo mbalimbali za saratani, wengi wao wa melanoma. Vimbe zilisinyaa kwa asilimia 2.6 tu ya wagonjwa hao. Basi ukisoma tangazo linalosifia chanjo fulani ya saratani kwamba haina madhara, swali la kuuliza ni je, ina nguvu? Maji ya chumvi nayo hayana madhara.

Lawama za mwenza

Chanjo hizi siku hizi hazitembei peke yake. Huandamana na dawa za kuachia breki, kama ipilimumab na pembrolizumab. Kinga ya mwili ina breki zake ili isije ikaula mwili wenyewe, na saratani huzikanyaga breki hizo kujificha. Dawa huziachia. Madhara mazito kabisa utakayoyasikia kwenye habari za "chanjo ya saratani ya ngozi" mara nyingi ni ya huyu mwenza.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 linaonyesha hilo waziwazi. Wagonjwa 676 wa melanoma iliyosambaa waligawanywa makundi matatu: chanjo ya gp100 peke yake, ipilimumab peke yake, na zote mbili. Madhara makali ya kinga kushambulia mwili yaliwapata asilimia 3 ya waliopewa chanjo peke yake, na asilimia 10 hadi 15 ya waliopewa ipilimumab, iwe na chanjo au bila. Katika kundi la chanjo peke yake, nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki baada ya miezi 6.4. Kwenye makundi ya ipilimumab ilichukua miezi 10 hivi, na kuongeza chanjo hakukubadilisha kitu. Haikuongeza madhara, haikuongeza uhai.

Chanjo ya mRNA niliyoitaja juu imeleta picha tofauti. Wagonjwa 157 waliokwisha kukatwa vimbe walipewa pembrolizumab, na 107 kati yao wakaongezewa chanjo. Hatari ya saratani kurudi au kifo ilipungua kwa asilimia 44 kwa waliopata zote mbili. Madhara ya daraja la 3 na kuendelea yaliwapata asilimia 25, dhidi ya 18 kwa waliopata pembrolizumab peke yake. Sasa tazama hili: kinga kushambulia viungo vya mwili kulitokea kwa asilimia 36 katika kila upande. Yaani chanjo iliongeza kelele, haikuonekana kuumwagia moto petroli. Jaribio lilikuwa dogo, na kila mtu alijua nani kachomwa nini, jambo ambalo linaweza kumfanya mtu ahesabu kila uchovu wake. Jaribio kubwa lililofuata lina kundi la sindano bandia ili kuondoa shaka hiyo.

Kwa mgonjwa aliye nyumbani, ugumu uko hapa. Sindano mbili zimetolewa siku moja, kila wiki tatu. Ya chanjo ina kelele za usiku mmoja. Ya mwenza ni kimya, kisha inakuja kwa kunyata. Kwa ipilimumab, ngozi kuwasha na vipele huanza wiki ya pili au ya tatu. Kuharisha, wiki ya sita au ya saba. Ini kuvimba baadaye kidogo. Tezi za homoni, karibu wiki ya tisa. Dawa nyingine za kundi hili zina kalenda iliyolegea zaidi. Mapafu yanaweza kuvimba na kuleta kikohozi kikavu na pumzi fupi. Misuli ya moyo kuvimba ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, lakini ndiyo inayoua upesi.

Chukua uchovu. Mgonjwa ameshachomwa sindano ya nne, na kila mara huchoka siku mbili kisha anainuka. Safari hii siku ya tano bado amelala. Siku ya kumi anapanda ngazi chache anapumzika, chakula kinamchefua, akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Anasema, "ni ile chanjo, nimezoea." Haikuwa chanjo. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, au zile za juu ya figo, zimeshambuliwa, homoni ya kotisoli imekauka, na ugonjwa mdogo tu, tuseme mafua, unaweza kumwangusha shinikizo la damu likashuka vibaya. Kipimo cha damu kinaligundua. Vidonge vya kurudishia homoni vinamwinua ndani ya siku chache, ingawa huenda akavimeza maisha yake yote. Uchovu wa chanjo una tarehe ya kuisha. Usiokuwa na tarehe unahitaji kipimo.

Kuharisha ni hivyohivyo. Mara mbili tatu kwa siku baada ya chakula kibaya kila mtu anakujua. Lakini kwa aliye kwenye dawa za kuachia breki, choo kilichoongezeka mara nne au zaidi kwa siku kuliko kawaida yake, au chenye damu, maana yake huenda utumbo mpana umeshambuliwa. Kumeza dawa za kufunga tumbo na kungoja ni kosa linaloweza kuishia kwenye utumbo kutoboka.

Tiba ya madhara haya ni kuituliza kinga, kwa kawaida kwa dozi kubwa za steroidi zinazopunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Wagonjwa wengi huziogopa: si zitaizima ile kinga tuliyohangaika kuiamsha? Hofu hiyo ina mantiki yake. Lakini utumbo uliotoboka hausubiri mjadala, na wapo waliosimamisha tiba kwa sababu ya madhara na saratani yao ikaendelea kutulia. La hatari zaidi ni kuzikatisha steroidi ghafla kwa kujiona umepona.

Sindano yenye virusi hai

Iko moja isiyoitwa chanjo na wote, lakini hufanya kazi kama chanjo: Imlygic, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Ni virusi vya malengelenge ya mdomoni vilivyonyofolewa jeni za kuvifanya vilete ugonjwa na kupewa jeni moja ya kuwaita askari wa kinga. Hudungwa ndani ya vimbe lenyewe. Virusi huzaliana humo, seli zinapasuka, vipande vyake vinakuwa somo kwa kinga ya mwili.

Homa, baridi na uchovu ni vilevile. Cha pekee ni kwamba kidonda kinaweza kuwa na virusi hai. Kwa wiki ya kwanza angalau, hufunikwa kwa bandeji isiyopitisha hewa wala maji. Anayeibadilisha huvaa glavu, huiweka ya zamani kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabla ya kuitupa, kisha hunawa. Mgonjwa hakuni, hata kukiwasha. Mjamzito hapewi, wala mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, na wa namna hiyo walioko nyumbani hawapaswi kugusa bandeji. Virusi vikitoka nje ya mipaka, asaikloviri, dawa ya malengelenge, bado huviweza. Usumbufu mkali ulioonekana zaidi ulikuwa maambukizi ya bakteria kwenye ngozi ya pale, kwa takriban asilimia 2 ya wagonjwa.

Tezi la kwapani

Limebaki moja linalokosesha watu usingizi kuliko homa. Siku chache baada ya sindano ya begani, mgonjwa akiwa anaoga anagusa kwapa na kukuta tezi limevimba. Kwa mtu mwingine ni jambo la kupuuza. Kwa mgonjwa wa melanoma, tezi za kwapani na kinena ndipo saratani hupitia ikisafiri, na ameambiwa kila miadi azikague.

Tezi hizo ndizo darasa ambamo askari hufundishwa, kwa hiyo kuvimba baada ya chanjo ni kawaida, na kunaweza kudumu wiki kadhaa. Ultrasaundi na skani haziwezi kila mara kutofautisha darasa lililojaa na saratani iliyorudi. Busara ni sindano kuingia upande ambao melanoma haikuwahi kuwako, tarehe na mkono kuandikwa, na mpiga picha kuambiwa kabla hajawasha mashine. Tezi lililo upande wa sindano hupewa muda kisha likaangaliwa tena. Lililo upande mwingine, au linaloendelea kukua, hutolewa sampuli. Hata vimbe lenyewe wakati mwingine huonekana limekua kwenye picha ya kwanza kwa sababu limejaa seli za kinga, halafu likasinyaa kwenye picha ya pili.

Mzio mkali, ule wa koo kubana na vipele kuenea mwili mzima, hutokea ndani ya dakika au saa ya kwanza, na ndiyo sababu muuguzi hakuruhusu kuondoka mara tu baada ya kuchomwa. Baada ya hapo ulinzi unahamia kwa mgonjwa na walio naye. Daktari wa zamu usiku, asiyejua historia yake, akiona kuharisha anaweza kufikiria chakula kibaya, na akiona kikohozi akaandika antibaiotiki. Vituo vingi vinavyotoa tiba hizi humpa mgonjwa kadi ndogo yenye majina ya dawa, tarehe, na namba ya kupiga. Hairudishwi baada ya sindano ya mwisho, kwa sababu dawa za kuachia breki zinaweza kuleta madhara mapya miezi mingi baada ya mtu kuacha kuzitumia.